Kioo, akriliki au resini: kuchagua njia ya kujenga kina kwa matabaka angavu

Ukimweka mtu mbele ya picha ya mikoko iliyochorwa juu ya mabamba matano angavu, yaliyosimamishwa moja nyuma ya jingine, atafanya jambo asilolifanya mbele ya picha ya ukutani: atasogeza kichwa. Akielekea kushoto, mzizi wa bamba la mbele unaufunika mtumbwi. Akirudi kulia, mtumbwi unachomoza, na nyuma yake unaonekana ukingo wa pili wa mto ambao punde tu ulikuwa umefichika. Mchoraji wa karatasi hujenga kina kwa kupunguza ukubwa wa vitu vya mbali na kufifiza rangi zake. Mchoraji wa matabaka hutumia mbinu hizo hizo, kisha huongeza nafasi ya kweli kati ya kitu na kitu, na kiinimacho huzaliwa pale ambapo sentimita nane za nafasi hiyo zinasomwa na akili kuwa ni nusu kilomita ya maji.

Swali la kwanza la wanaotaka kujaribu kazi hii huwa ni kama wanunue kioo au plastiki. Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni iwapo kati ya tabaka na tabaka kutakuwa na hewa, au nafasi hiyo itajazwa kitu kigumu kilicho angavu, kwa sababu uamuzi huo ndio unaopanga uzito wa kazi, mwangaza wake, namna ya kuisafisha na hata mahali anapopaswa kusimama mtazamaji. Ukishaufanya, vifaa vya kuchagulia vinabaki vichache.

Pengo la hewa au umbo lililojaa

Mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye kioo, na tena unapotoka kwenye kioo kurudi hewani, takriban asilimia 4 yake hurudishwa nyuma. Kila bamba lina nyuso mbili, kwa hiyo bamba moja hupoteza karibu asilimia 8, na hasara hiyo hujirudia kwa kila bamba linalofuata. Kwa mabamba 5 yenye hewa katikati, mwanga unaofika upande wa pili ni kama asilimia 70. Kwa mabamba 10 ni zaidi kidogo ya nusu. Akriliki, ile plastiki ngumu na angavu, haitoi nafuu ya maana katika jambo hili, kwa kuwa hesabu yake inakaribiana sana na ya kioo. Zaidi ya hayo, mwanga uliorudishwa humrudia mtazamaji machoni kama taswira ya dirisha, ya taa na ya uso wake mwenyewe, na taswira hizo hujirudia mara nyingi, kila moja ikiwa imesogea kidogo kutoka kwa mwenzake. Nimewahi kusimama mbele ya kazi nzuri ya mabamba 12 ambamo kitu kilichoonekana wazi kuliko vyote kilikuwa feni ya dari.

Ukijaza mapengo hayo kwa gundi angavu au resini, yaani kimiminika angavu kinachoganda kuwa kigumu, inayoupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na cha kioo, nyuso za ndani hutoweka machoni, na zinabaki mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Hapo michoro huonekana kana kwamba imegandishwa ndani ya barafu safi, bila feni na bila dirisha. Gharama yake ni ile ambayo kila aliyechungulia kisima anaijua: maji huonekana na kina kifupi kuliko kilichopo. Kioo na resini hupunguza kina kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo kipande chenye unene wa sentimita 15 huonekana kana kwamba kina sentimita 10, na mchoraji anakuwa amebeba, amelipia na amesafirisha sentimita 5 ambazo hakuna anayeziona. Katika mabamba yaliyotengwa kwa hewa, pengo huonekana karibu kama lilivyo.

Kuna pia suala la kurekebisha. Mabamba yenye hewa yanaweza kutolewa, kufutwa, kuchorwa upya na kubadilishwa nafasi mpaka mtu aridhike. Kilichojazwa hakina toba: unywele mmoja wa brashi ukibaki kati ya tabaka la tatu na la nne, utaonekana hapo kwa muda wote ambao kazi hiyo itakuwapo. Kwa hiyo nampendekezea mtu wa mara ya kwanza njia ya hewa, na simwoni kuwa amechagua njia ya wanyonge.

Kioo

Sifa kubwa ya kioo ni kwamba hakichakai. Hakikwaruziki kwa kitambaa, hakigeuki rangi kwa jua, na kinaweza kusafishwa kwa karibu kila kitu kilichopo nyumbani. Upatikanaji wake ni rahisi, kwa sababu fundi yeyote wa madirisha ya aluminiamu anakikata kwa vipimo unavyompa, ingawa inafaa kumsisitizia kwamba mabamba yote yakatwe kwa kipimo kimoja na kingo zisuguliwe. Tofauti ya milimita 2, ambayo kwenye dirisha hufichwa na mpira, kwenye safu ya mabamba huonekana kama meno yaliyopangwa vibaya.

Uzito ndio unaowakatisha wengi tamaa. Bamba la sentimita 50 kwa 70 lenye unene wa milimita 4 lina uzito wa kilo 3.5, kwa hiyo mabamba 10 ni kilo 35 kabla hujaweka fremu, na kazi hiyo haitundikwi kwenye msumari wa kawaida. Kasoro ya pili huwashangaza watu wakiwa wameshanunua. Kioo cha kawaida kina chembe za chuma zinazokipa rangi ya kijani, ambayo kwa bamba moja huonekana ukingoni tu, lakini mabamba yakiongezeka huipaka picha nzima. Kwa mandhari ya bahari au msitu rangi hiyo huweza hata kusaidia, kwa sababu vitu vya mbali hupata ubichi na kufifia bila mchoraji kufanya lolote. Kwa sura ya mtu, ngozi ya tabaka la nyuma huonekana ya mgonjwa. Kipo kioo chenye chuma kidogo ambacho kasoro hiyo imepunguzwa sana, ila bei yake ni ya juu na si kila duka hukiweka.

Rangi nazo zina masharti yake. Rangi za akriliki za mchoraji hubanduka kwenye kioo kama ganda la yai, hasa zikigusana na maji, ilhali rangi ya mafuta inayong'aa hushika vizuri. Wachoraji wa Tingatinga, ambao mtindo wao ulianzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga kwa rangi za namna hiyo juu ya mbao za dari, wana mkono uliokwisha kuzoea rangi hii. Anayetoka katika karakana za mtindo huo hahitaji kujifunza rangi upya. Anachohitaji kujifunza ni kuacha sehemu kubwa ya bamba wazi, jambo ambalo kwa mtindo unaojaza kila pembe si dogo.

Wasanii wawili wanaonyesha mipaka ya kioo vizuri. Xia Xiaowan wa Beijing, aliyezaliwa mwaka 1959, huchora mwili wa mtu kipande kwa kipande juu ya vioo kadhaa vilivyosimamishwa kwa safu yenye mapengo, na ukikaa mbele yake vipande hivyo huungana kuwa kiwiliwili chenye ujazo kama ukungu. Dustin Yellin wa New York alianza kwa resini, kisha akahamia kwenye vioo vilivyogundishwa, akipanga kati yake vipande vilivyokatwa kutoka kwenye vitabu na majarida pamoja na rangi. Kazi yake kubwa ya sehemu tatu ina uzito wa tani 12. Namtaja kwa heshima, lakini njia yake inahitaji karakana yenye winchi, na asiye na winchi asianzie hapo.

Akriliki

Akriliki ni ile plastiki ngumu na angavu ambayo mafundi mabango huikata herufi, na wengi huiita perspeksi. Kwa ukubwa na unene ule ule, uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo: bamba la sentimita 50 kwa 70 la milimita 4 ni kilo 1.7 hivi, na kwa ukubwa huo milimita 3 zinatosha. Haina ukijani, hupitisha karibu asilimia 92 ya mwanga, hukawia sana kugeuka njano hata ikikaa juani, na ikianguka haimwagi vipande vyenye makali. Kwa mtu anayekusudia kupeleka kazi kwenye maonyesho kwa basi au kwa ndege, mjadala huishia hapo.

Hata hivyo, inahitaji mkono wa adabu. Ukiifuta kwa kitambaa kikavu hujaa umeme na kuvuta vumbi, kama kitana kilichopita kwenye nywele kinavyovuta vipande vya karatasi, na vumbi hilo hukaa ndani ya safu mahali ambapo vidole havifiki. Hukwaruzika hata kwa upande mkavu wa sifongo. Adui yake mkubwa zaidi ni vimiminika. Mwanzoni niliwahi kufuta alama za vidole kwenye ukingo wa bamba lililokatwa kwa leza kwa pamba yenye spiriti, na baada ya dakika chache nyufa nyembamba kama utando wa buibui zilianza kutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, zikapita juu ya tanga la jahazi nililokuwa nimelimaliza jana yake. Joto la leza huacha mkazo ukingoni, na spiriti huufungua mkazo huo. Thina na dawa za vioo zenye amonia huleta madhara ya namna hiyo hiyo. Maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, pamoja na kitambaa laini kilicholowa, hutosha.

Rangi za akriliki za mchoraji hushika hapa vizuri kuliko kwenye kioo, hasa sehemu itakayopakwa ikisuguliwa kidogo kwa msasa laini sana. Usisugue nje ya mstari wa mchoro, kwa sababu ukungu wa msasa hauondoki. Jambo moja huwapata wote, wa kioo na wa akriliki: rangi iliyoonekana nzito kwenye karatasi hugeuka hafifu kwenye bamba, kwa kuwa nyuma yake hakuna weupe wa kuirudisha. Dawa yake ni kupaka nyeupe kwanza mahali panapotakiwa kuonekana imara, na kuuacha mwanga upite mahali panapotakiwa kuwa maji, moshi au hewa. Tofauti hiyo ya mahali palipozibwa na mahali palipoachwa ndiyo inayoyafanya mabamba matano yatoe picha yenye kina, na mtu anayeipuuza atapata rojo hata akitumia mabamba ishirini.

Akriliki ina uwezo mmoja unaotumiwa kwa urahisi kuliko kwenye kioo. Ukiweka mkanda wa taa za LED kwenye ukingo wa chini, mwanga husafiri ndani ya bamba bila kuonekana, ukigonga nyuso zake na kurudi ndani, mpaka ukutane na mkwaruzo. Hapo hutoka nje, na mkwaruzo hung'aa. Hivyo mistari iliyochongwa kwa leza au kwa sindano huwaka peke yake juu ya giza, na kila bamba linaweza kupewa taa ya rangi yake. Kwa nyota, mvua au mishipa ya samaki sijaona njia nyepesi zaidi ya hiyo.

Mjapani Nobuhiro Nakanishi ameipeleka njia ya mabamba upande ambao wachoraji wengi hawaufikirii. Hupiga picha za mahali pamoja kwa kupishanisha muda, labda jua likichomoza au ukungu ukipita, kisha huzipachika juu ya mabamba ya akriliki yaliyopangwa kwa safu, na kina anachokiona mtazamaji kinakuwa cha saa badala ya mita.

Karatasi za plastiki

Hizi nitazipitia kwa haraka, ingawa ndizo ningemshauri kila mtu aanze nazo. Karatasi angavu ya A4 ambayo mtu wa steshenari huiweka juu ya ripoti anapoibaindi inatosha kabisa kwa jaribio. Chora kwa kalamu ya maka, simamisha karatasi tano kwenye mikato ya boksi la viatu, washa tochi ya simu nyuma yake, na kwa jioni moja utajua kama mpango wako una kina au hauna. Udhaifu wake ni kwamba hujikunja na kuyumba kwa upepo wa feni. Ikivutwa kwenye fremu, hata hivyo, huweza kubeba kazi kubwa: David Spriggs, aliyezaliwa Manchester mwaka 1978 na kufanya kazi Kanada, hupulizia rangi kwenye karatasi nyingi za namna hii zilizotundikwa kwa safu, na umbo linaloelea humo hutoweka mtazamaji anapofika ubavuni.

Resini

Kwenye resini mpangilio hugeuzwa: badala ya kusimamisha mabamba, unamimina tabaka, unasubiri ligande, unachora juu yake, kisha unamimina jingine. Riusuke Fukahori wa Japani ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane. Mwaka 2000, akiwa karibu kuiacha sanaa, alimtazama samaki wa dhahabu aliyekuwa amemfuga kwa miaka saba na kuona humo kazi yake ya baadaye; tangu hapo huchora samaki hao kwa rangi ya akriliki ndani ya visanduku na bakuli, kwanza mapezi ya chini, kisha mwili, kisha mgongo na magamba, kila sehemu kwenye tabaka lake. Aliyeona picha zake mtandaoni kwa mara ya kwanza kwa kawaida hudhani ni samaki hai.

Siri ya mafanikio hayo, pamoja na mkono wake, ni kwamba yanatazamwa kutoka juu na kwamba kitu kilichochorwa kinaishi majini. Kina kinachofupishwa na resini ni kile kile kinachofupishwa na maji, kwa hiyo kasoro niliyoitaja mwanzoni hapa inageuka kuwa ushahidi. Samaki, kamba, majani ya yungiyungi na mawe ya kijito hufaulu. Barabara ya mjini ndani ya resini hubaki mfano wa kuchezea.

Kwa wakazi wa pwani kuna tahadhari za ziada. Resini ya epoksi hugandishwa na mchanganyiko unaotoa joto wenyewe, na hali ya hewa ya joto huharakisha mambo: muda wa kufanyia kazi hupungua, na tabaka nene huweza kuchemka, kupasuka au kuwa njano papo hapo. Kwa resini za kawaida za kufunikia meza, milimita 3 hadi 6 kwa mmimino mmoja ni salama, na kati ya mmimino na mmimino husubiriwa saa nyingi, mara nyingi siku nzima. Unyevu wa hewa nao huweza kuacha utando wa mafuta juu ya tabaka lililoganda, na rangi ikipakwa juu ya utando huo hujikusanya matone. Tabaka lioshwe kwa maji ya uvuguvugu, likaushwe na lisuguliwe kidogo kabla ya kuchora. Mikwaruzo midogo ya msasa hutoweka mmimino unaofuata unapoijaza, tofauti na kwenye akriliki. Vaa glavu za nitraili na ufungue madirisha kila mara, kwa sababu mwili huweza kuanza kuikataa epoksi baada ya kuivumilia kwa miezi, na ngozi ikishaanza kuwasha haikubali tena.

Mchoro wenyewe unadai nini

Kuna namna mbili za kugawa picha. Ya kwanza ni ya jukwaa: vitu vya karibu bamba la mbele, vya kati bamba la kati, mbingu nyuma. Mabamba 4 hadi 6 yenye mapengo ya sentimita 2 hadi 4 yanatosha, na ongezeko zaidi ya hapo huleta giza kuliko kina. Ya pili ni ya vipande: umbo moja, kwa mfano kichwa cha mtu au wingu, hukatwa kama mkate, na kila kipande huchorwa kwenye bamba lake. Hapa mapengo lazima yawe madogo, milimita 5 hadi 10, na mabamba yawe mengi, kwa kuwa jicho likifaulu kupenya kati ya kipande na kipande, umbo huvunjika. Namna ya kwanza humvumilia mtazamaji anayepita ubavuni. Ya pili humtaka asimame mbele.

Kwa hiyo mandhari ya tabaka chache yatakayotundikwa sebuleni ningeyafanya kwa akriliki ya milimita 3, na kwa kioo iwapo yatajengewa ukutani na hayatahamishwa. Umbo la vipande ningelifanya kwa akriliki nyembamba au karatasi zilizovutwa kwenye fremu, kwa sababu vioo 20 ni mzigo wa watu wawili. Resini ningeiachia kazi ndogo ya mezani inayoinamiwa. Kwa zote zenye hewa, mwanga utoke nyuma au ukingoni, na chumba kilicho mbele kiwe na giza kidogo, kwa sababu taa ya mbele hulazimika kupenya mabamba mara mbili, kwenda na kurudi, na njiani huacha taswira za kila kilicho chumbani. Thomas Gainsborough alilitambua hilo mapema: katika miaka ya 1781 na 1782 alichora mandhari juu ya vioo na kuviangaza kwa mishumaa kutoka nyuma ndani ya sanduku, ambalo leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London.

Linabaki suala la kuyashikilia mabamba. Wengi huyagundisha kwa silikoni, kisha hujuta vumbi linapoingia au unyevu unapoganda ndani asubuhi. Mbao mbili zilizochongwa mifereji, moja chini na moja juu, hutosha, mradi mfereji wa bamba la milimita 3 uwe na upana wa milimita 4 na uachwe upenyo pande zote, kwa kuwa bamba la akriliki la mita 1 hurefuka kwa karibu milimita 2 joto likipanda kwa nyuzi 30, ilhali kioo cha urefu huo hurefuka kwa kama robo ya milimita tu. Bamba lililobanwa pasipo upenyo huo hujipinda saa saba mchana, na mistari iliyopangwa kwa makini kati ya tabaka la pili na la tatu huachana mpaka jua linapopungua.